Kunakili Caravaggio: nimefika kwenye sikio la Yuda

Haya, mradi wa kunakili ile Kukamatwa kwa Yesu, picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, unaendelea. Wiki hii nguvu zote zimeenda kwenye mkono wa yule askari mwenye deraya, vazi la chuma la vita, uko katikati kabisa ya picha na unang'aa kuliko sura ya mtu yeyote, ukisogea karibu ni weusi tu na michirizi myembamba ya nyeupe, ukirudi nyuma kidogo unaona chuma. Uzuri wake haueleziki kwa kweli.

Kwa mnaoanza kufuatilia: Caravaggio aliichora Roma mwaka 1602, mteja wake alikuwa Ciriaco Mattei, na malipo ya Januari 1603 yamo kwenye daftari za familia hiyo, skudi 125 (sarafu za Roma za wakati huo), wanafunzi wawili Francesca Cappelletti na Laura Testa ndo waliyakuta kule Recanati, mji wa Italia. Ila picha yenyewe ilishapoteza jina la mchoraji wake. Mwaka 1802 ikauzwa kwa Mskoti mmoja kama kazi ya Honthorst, Mholanzi aliyesifika kwa picha za usiku, wakati mwaka inachorwa Honthorst alikuwa mtoto wa miaka 10! Mwisho ikaangukia Dublin, kwenye chumba cha kulia chakula cha mapadre Wajesuiti, mpaka 1990 Sergio Benedetti wa jumba la sanaa la taifa la Ireland alipoitwa kuziangalia picha zao akaishtukia kuwa ni ya Caravaggio.

Sasa mimi kinachonigusa zaidi ya daftari ni sikio la Yuda. Walipoichunguza kwa mionzi waliona sikio lilikuwa limechorwa sehemu nyingine kwanza, afu likahamishwa. Mtu anayenakili hahamishi sikio jamani, mimi hapa nimechora miraba ya penseli kwenye kanvasi na kila kitu nakiweka kilipo, sina cha kuamua. Anayehamisha ni yule ambaye picha bado anaitafuta, yaani mchoraji wa kwanza, na nimelielewa hilo nikiwa na brashi mkononi, kusoma tu kusingenifikisha.

Yule wa kulia kabisa aliyeinua taa, inasemekana ni Caravaggio mwenyewe, bado ni kivuli cha kahawia tu kwangu. Simgusi kwanza. Inayofuata ni mikono ya Yesu, ile ya chini iliyofumana vidole, haimsukumi Yuda wala haijikingi. Nasubiri deraya ikauke ndo niianze.