Nimemripoti mtu ninayempenda kazini, bila kutaja jina langu

Taarifa nimeituma usiku, leo asubuhi tukawa naye kikao kimoja, akanisogezea chaja yake hata sijamuomba. Huyu mtu ni mwema kwangu jamani. Nilipofiwa alikuja, nilipoumwa alinishikia kazi zangu zote na hakuwahi kunikumbusha. Ndo maana nimekaa na hili jambo muda mrefu, nalitazama nalirudisha.

Vilivyonishtua ni vitu vidogo vidogo kwenye ankara. Kuna saplaya mmoja namba za ankara zake zinafuatana, mwezi huu 41, unaofuata 42, halafu 43, yani kama vile duniani hana mteja mwingine zaidi yetu. Na kila mara kiasi kinaishia chini kidogo tu ya kile kiwango ambacho kingehitaji saini ya pili. Na anayeidhinisha ni huyohuyo mmoja, huyu aliyenisogezea chaja. Kimoja peke yake ningekipita, saplaya mdogo anaweza kweli kuwa na mteja mmoja, lakini vyote kwa pamoja, halafu unauliza stoo na huo mzigo hawaujui, usingizi ukaanza kupaa.

Sijui kama ameiba. Nalisema hili kwa moyo mweupe, na kwenye taarifa neno mwizi sijaliandika popote. Nimeandika nilichokiona: namba za ankara, tarehe, kiasi, nani kasaini, na kwamba hati ya kupokea mzigo haipo. Kusema ni wizi au sio wizi ni kazi ya wakaguzi, na kama hana kosa basi karatasi hizohizo ndo zitamsafisha.

Kuna waliowahi kuniambia mambo kama haya waachiwe wakaguzi, watayaona wenyewe. Sio kweli. Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha wataalamu wa kuchunguza udanganyifu, inaonyesha asilimia 43 ya kesi walizozichambua ziligundulika sababu kuna mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watu hao ni wafanyakazi wa humohumo ndani. Wakaguzi wa nje waligundua asilimia 3. Kwa hiyo mimi nikinyamaza, inawezekana kabisa asiwepo atakayeona.

Ila kujificha ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na ugumu wenyewe hauko kwenye kompyuta. Uko hapa: kile kinachofanya taarifa yako iaminike ndo hichohicho kinachokuanika. Ukiandika "kuna uchafu kwenye manunuzi" wataiweka pembeni, hawana pa kuanzia. Ukiandika "aliniambia nisijaze fomu ya kupokea mzigo" umeshajitaja, manake chumbani mlikuwa wawili. Nikapitia sentensi moja moja najiuliza, hii inajulikana na watu wangapi? Nikabakiza yale ambayo yeyote mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa malipo angeweza kuyaona, na yote aliyonitamkia kwa mdomo nikayatoa. Kuna sentensi iliniuma sana kuifuta, ndo ilikuwa nzito kuliko zote, lakini ilikuwa na sura yangu kabisa.

Mengine ni ya tahadhari tu. Sikutumia laptopu ya ofisi wala intaneti ya ofisi. Sikuprinti kitu, printa nyingi za leza za rangi zinaweka vidoti vya njano visivyoonekana kwa macho vinavyoonyesha mashine ipi na saa ngapi. Picha ya simu inabeba tarehe na wakati mwingine hata mahali, faili la Word linabeba jina la mwenye kompyuta. Na baada ya kuamua sikurudi tena kwenye mfumo wa malipo kutafuta zaidi, kwa sababu mfumo unatunza kumbukumbu ya nani kafungua nini. Rafiki yangu wa karibu pale kazini naye sijamwambia, na hili ndo linanilemea zaidi.

Wanaosema woga huu ni wa bure, wamuangalie Jes Staley. 2016, akiwa bosi mkuu wa benki ya Barclays, aliagiza watu wa usalama wa benki wamtafute aliyeandika barua isiyo na jina kuhusu mfanyakazi mpya wa ngazi ya juu. 2018 wasimamizi wa fedha Uingereza wakamtoza faini ya pauni 642,430, na kiti chake akabaki nacho. Kama mkuu wa benki kubwa vile anaweza kumsaka mtu, mimi mwenye mkataba wa kuhuishwa nitaachaje kuogopa?

Mfumo niliotumia kutuma taarifa umenipa namba ya kesi na neno la siri, wakitaka kuniuliza wanaandika humo na mimi nafungua bila wao kunijua. Jioni hii nimefungua nimekuta swali: je, kuna maagizo yoyote aliwahi kuyatoa kwa mdomo? Jibu ni ndiyo. Sijalijibu. Nimewaandikia waanze na hati za kupokea mzigo za huyo saplaya, zote, wazilinganishe na malipo, na kama hazitatosha waniambie, hapo ndo nitaamua kuhusu jina langu.