Taa zenye manyoya

Jumanne, saa tano usiku. Baba amelala chumba cha pili, jicho la kushoto limefunikwa kwa pamba na plasta, na mimi nimerudi kwenye picha ileile niliyoianza wiki tatu zilizopita.

Picha yenyewe aliipiga kaka yangu kwa simu mwezi wa nane, kule Majanji, ukingoni mwa Ziwa Victoria, usiku usio na mwezi. Wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameshashusha taa zao majini. Ukiwa umesimama pale ufukweni unaona kama mji mzima umeota juu ya ziwa. Kwenye simu ya kaka, mji huo umekuwa vidoto vyeupe kumi na saba juu ya weusi, kama unga uliomwagika mezani. Nilitaka kumrudishia Baba usiku ule kwenye karatasi, kwa sababu amevua mukene zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha.

Kazi yangu ya mchana ni uchapaji, Nasser Road hapa Kampala: kalenda, kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na ya kampeni. Pale mng'ao ni kazi ya dakika mbili. Mteja anataka jina lake liwake. Unazungushia herufi njano, unaipa ukungu kidogo, analipa, anaondoka. Nimefanya hivyo miaka sita na nilidhani najua kuwasha taa.

Basi usiku wa kwanza nilifanya kama kazini. Kwenye kompyuta, leya mpya, yaani tabaka la kuchorea, juu ya picha, brashi laini, duara la rangi ya chungwa juu ya kila kidoto, kisha ukungu wa Gauss, ule unaolainisha kingo. Yakatoka machungwa yaliyopangwa gizani. Rangi ilikuwepo, mwanga haukuwepo. Leya ya kawaida huziba kilicho chini yake kama stika, na mwanga hauzibi kitu. Unajiongeza juu ya kilichopo.

Ndipo nilipokaa chini kuzisoma upya modi, yaani njia za kuchanganya leya na iliyo chini yake, ambazo miaka yote nilikuwa nazibonyeza kwa kubahatisha. Kila pikseli, nukta moja ya picha, ina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Modi ya kujumlisha inajumlisha tu: 200 na 200 zingekuwa 400, lakini kikomo ni 255, ziada inatupwa. Modi ya Skrini inahesabu giza. Ile 200 ya kwanza imebakiza 55 kufika mwisho, na ya pili imebakiza 55. Hizo mbili zinazidishwa, zinagawanywa kwa 255, giza linalobaki ni kama 12, kwa hiyo jibu ni 243. Taa mbili zimesaidiana na bado juu kuna nafasi. Weusi mtupu kwenye Skrini hauigusi picha ya chini hata chembe, kwa hiyo unaweza kuchora taa zako zote juu ya leya nyeusi tii na kilichochorwa ndicho pekee kitakachowaka. Naipenda sana hesabu hii. Mtu aliyeibuni alifikiria giza kwanza.

Ile ziada inayotupwa nayo ina madhara yake. Chungwa langu lilikuwa 255, 140, 40. Nilipolijumlisha juu ya lenyewe, wekundu haukuwa na pa kupanda, kijani ikagonga kikomo, bluu ikafika 80. Wekundu na kijani vikilingana, jicho linaona njano. Moto wa karabai ukageuka limau mikononi mwangu. Nililaumu kioo cha kompyuta karibu saa nzima, mpaka nilipoziandika namba hizo kwa kalamu nyuma ya risiti.

Tena namba zenyewe hazifuati taa. 128 ni nusu ya 255, lakini pikseli ya 128 inatoa kama asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe; namba zimepangwa kufuata jinsi macho yetu yanavyotofautisha mwanga. Ninatumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inaweza kuchanganya leya kwa kufuata mwanga halisi, na kubeba namba zinazopita kikomo bila kuzikata. Nilipoibadilisha picha kuwa ya biti 32, yenye namba zisizokatwa kwenye 255, ukungu uleule ulitoka mwingine kabisa: kiini kikabaki cheupe kikali na kingo zikateremka taratibu hadi gizani. Sasa kila taa naipa ukungu mara tatu, wa pikseli 6, wa 30 na wa 150. Mdogo ni mweupe, wa kati ni njano, na mkubwa ni chungwa lililoiva, hafifu kiasi kwamba hujui kama upo mpaka uuzime.

Baba alifika Jumapili na basi kutoka Busia, kwa ajili ya kuondolewa mtoto wa jicho. Jioni tulisimama mlangoni hapa Bweyogerere tukiangalia magari ya Jinja Road. Alikaa kimya muda mrefu.

"Taa za bodaboda zina manyoya," akasema.

"Zina nini, Baba?"

"Manyoya. Kama kifaranga aliyekauka juzi tu. Zote. Hata ile balbu yako ya jikoni."

Najua sababu. Lenzi ya jicho ikiingia ukungu, mwanga hutawanyika kabla haujafika nyuma ya jicho, na kila taa inajizungushia duara. Hata jicho zima hutawanya kidogo, ndiyo maana taa kali usiku ina kiwingu chake. Ujanja wote wa mng'ao kwenye kompyuta unategemea hilo: kioo hakiwezi kuwaka kama taa yenyewe, sembuse karatasi, lakini ubongo ukiona kile kiwingu unasadiki kwamba katikati yake pana kitu kikali. Wiki tatu nilikuwa nachora kasoro ya jicho bila kujua, na mwenye jicho lenyewe alikuwa ananiambia nimeikosea. Mimi nilichora mviringo laini. Yeye anaona nyuzi.

Alipolala nilizichora nyuzi. Nilimwaga chembechembe nyeupe juu ya leya nyeusi, nikazivuta kutoka katikati kwenda nje, nikafuta zilizozidi, nikaweka Skrini, nikapunguza mpaka zikabaki kama pumzi. Jana nikachapisha nakala moja ya A3 kazini. Anga ikatoka na pete pete, kama maji yaliyotupiwa jiwe, kwa sababu hatua za rangi gizani ni chache mno kwa mteremko mrefu hivyo. Nikaongeza chembechembe anga nzima, pete zikapotea. Na taa zilikuwa zimefifia. Kwenye karatasi hakuna kinachowaka, mwanga wote ulio nao ni weupe wa karatasi yenyewe. Leo asubuhi amefanyiwa upasuaji, nami nimeshinda kwenye benchi nikisubiri, bahasha yenye picha mapajani.

Jumatano, saa nne usiku.

Plasta imetoka asubuhi. Daktari ameridhika. Mchana Baba alikula vizuri, halafu akaiomba picha mwenyewe kabla sijajua nianzie wapi. Akaisogeza dirishani. Akafumba jicho la kulia, akaangalia. Akafumba la kushoto, akaangalia. Akarudia mara nne au tano, na mimi nilikuwa nimeshika sahani ambayo sikumbuki nilikuwa naipeleka wapi.

"Hili jipya linaona taa nyeupe," akasema. "Hili la zamani linaona karabai."

Ni kweli, mtoto wa jicho huyatia mambo umanjano, na mtu hajui mpaka jicho moja lisafishwe alinganishe na jingine. Nikamuuliza ipi ndiyo sahihi. Akasema zote. Enzi zake zilikuwa karabai, unazipampu na zinanguruma usiku kucha, mwanga wake una joto. Sasa vijana wana taa za sola, nyeupe kama meno. Hiyo ya kaka yako ni ya vijana, akasema, umeivalisha nguo za kwangu.

Halafu akaweka kidole chini ya taa kubwa ya mbele, kidole kilekile chenye kovu la ndoano.

"Maji yako hayajui kwamba kuna taa."

Nikaangalia na nikaona. Nilikuwa nimewasha taa kumi na saba, na ziwa chini yake lilikuwa limelala kama shuka. Akanieleza bila haraka. Taa inakaa juu ya boya, na boya linajitilia kivuli, kwa hiyo chini kabisa pana giza kabla maji hayajaanza kung'aa. Kisha mwanga unakujia wewe unayeangalia, mrefu, umekatika katika, kila wimbi linabeba kipande chake. Ubavu wa mtumbwi unaoelekea taa unaonekana mpaka misumari, upande wa pili huoni hata kama kuna mtumbwi.

"Na anga umeipausha," akaongeza. "Mwezi ukiwa mpevu sisi tulibaki nyumbani tunashona nyavu. Mukene hawaifuati taa kama ziwa zima linang'aa."

Nilikuwa nimeipausha kwa makusudi ili mitumbwi ionekane. Jioni nimeiteremsha yote, nikaacha mitumbwi miwili tu ile iliyo karibu na taa, kila mmoja ubavu mmoja. Mingine imemezwa. Kivuli cha boya nimekichora kwa mkono, na njia za mwanga majini nimezikata wimbi kwa wimbi kwa brashi ya pikseli nne, kazi ya saa tatu, taa sita tu hadi sasa. Ukungu mkubwa wa chungwa sijauondoa. Nimetengeneza nakala ya pili yenye taa nyeupe na nyuzi chache, ya jicho la kushoto.

Ameamka mara moja kunywa maji, akasimama nyuma ya kiti changu. Akanyoosha kidole kwenye taa ya saba. "Hiyo iko mbali. Mawimbi yake madogo zaidi." Akarudi kulala.

Nimehifadhi zote mbili, karabai-9 na sola-2. Jicho la kulia ni mwezi ujao.