Kumbukumbu ya mradi: tona (maji ya kupaka usoni) ya choya na mafuta ya mgando kwa kipupwe cha Dodoma

Mei: malighafi

Choya kavu (rosela) na mchaichai vya sokoni Majengo, mafuta ya alizeti ya kukamuliwa, nta ya nyuki ya Manyoni, gliserini ya duka la dawa. Alizeti ya mashine ndogo huja na mashapo. Iache itulie siku mbili, kisha mimina ya juu tu.

Juni: maji ndiyo yanayoharibu

Chai ya choya iliyochemshwa kwa maji ya bomba hutoka ya hudhurungi, haina ule wekundu wa damu ya mzee. Choya haina kosa. Maji ya visima vya Mzakwe, ndiyo ya bomba letu, yana madini, yale yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na madini hayo hupunguza ukali wa asidi ya choya. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo, au ya mvua ya kukinga, yaliyochujwa na kuchemshwa.

Kipimo: ml 200 za maji, gramu 4 za choya. Epua maji yakishachemka, subiri dakika mbili, tia choya, funika dakika 10. Chuja mara mbili kwa kitambaa cha pamba. Chembe zikibaki, tona inachacha haraka.

Sasa asidi. Chai hii ina pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) chini ya 3, na ngozi ya uso ipo karibu na 5. Ipakwe hivyo hivyo, uso utawaka. Koroga magadi soda ya kuokea, ncha ya kijiko kwenye vijiko viwili vya maji, udondoshe tone kwa tone huku ukipima kwa karatasi ya pH. Karibu na 4.5 wekundu hufifia kuwa waridi. Ukiona zambarau, umepitiliza; ongeza kidogo chai ya choya isiyotiwa magadi. Limao usitie, kwa jua letu hili ni kujitafutia madoa.

Gliserini ml 10, basi. Hewa ikiwa kavu, gliserini nyingi huvuta maji kutoka kwenye ngozi yenyewe. Ndiyo maana tona hupakwa juu ya uso wenye majimaji, na mafuta hufuata papo hapo.

Julai: kuhifadhi

Kwenye friji, siku nne. Ikiwa na ukungu, utelezi au harufu ya togwa, mwaga. Sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia kuharibika, tumeikataa: choya ina vitamini C, na viwili hivyo vikikutana na joto na mwanga vinaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani. Tunagandisha kwenye trei ya barafu, tunayeyusha kipande kimoja kimoja.

Agosti: mafuta ya mgando

Choya haifai hapa, rangi yake huyeyuka kwenye maji tu. Mchaichai uliokauka hadi unavunjika, gramu 10 kwa gramu 100 za alizeti, saa mbili ndani ya bakuli juu ya maji ya moto yasiyochemka. Jani lenye unyevu hata kidogo huleta ukungu. Chuja, rudisha motoni, yeyusha nta gramu 20. Dondosha tone kwenye kijiko kilichokaa friza, ubonyeze kwa kidole: likiteleza bila kushika umbo, ongeza nta.

Kabla ya usoni, paka ndani ya kiwiko, usubiri saa 24. Mchaichai huwasha baadhi ya watu.

Oktoba

Joto limepanda, mafuta ndani ya kopo yanalainika. Nta sasa gramu 25. Bado inabaki chenga ukiiacha ipoe polepole. Tunajaribu kupoza kopo kwenye maji baridi.