Wewe ungejipanga

Sijui kama nilisifiwa au nilitupwa, na ni Jumapili usiku bado nafikiria hii kitu.

Si mnakumbuka nilisema narudia kusoma Life as We Knew It ya Susan Beth Pfeffer, ile ya 2006? Msichana wa miaka 16, Miranda, anaandika shajara yake huko Pennsylvania, halafu asteroidi inagonga mwezi, mwezi unasogea karibu na dunia, basi bahari inameza pwani, volkano zinalipuka, jivu linafunika jua na baridi inaingia kabla ya wakati wake. Lakini mimi si mwezi ulinishika, ni stoo. Mama yao anahesabu mikebe. Wote wanahamia chumba kimoja chenye jiko la kuni, wanaanza kuruka mlo huu na ule, na inafika mahali inaeleweka tu kwamba Jonny, kitinda mimba, ndiye wa kula zaidi, maana kama ni mmoja atabaki basi abaki yeye.

Sasa Mama alikuwa amekuja kutoka Njoro, tunachagua maharagwe ya githeri, nikamsimulia yote. Ya mwezi hakuyataka. Nilipofika kwa volkano akatupa jicho upande wa Menengai, volkano ya huku kwetu, akanyamaza. Nilipofika kwa Jonny nikamuuliza, mzaha tu jamani, nangoja lile jibu la wazazi wote la nyinyi wote ni wangu, nikasema Mama, na sisi je, ungempa nani?

"Huyo mdogo."

Hata hakuinua kichwa. Nikamuuliza, na mimi?

"Wewe ungejipanga."

Akatoa kijiwe kwa sinia, akaendelea.

Huyo mdogo ana miaka 20, na chapati sita kwake ni za kuonja! Na vile alisema haraka ndio ilinimaliza, ni kama hesabu aliifanya zamani akaiweka. Jumanne dada akajifungua, kasichana, wote wako salama, Alhamisi barua yangu ya kazi ya kudumu ikatoka hatimaye, na mimi niko kwa matatu natoka tauni narudia tu wewe ungejipanga, wewe ungejipanga, mara kwa sauti yake, mara kwa yangu, nakumbuka kuku wa Krismasi na nani alikuwa anapewa paja na nani shingo. Dada ni wa kwanza, huyo mwingine ni wa mwisho, na wa katikati hajambo tu siku zote, nani alimuuliza?

Jana nikampigia, yuko kwa dada anaogesha mtoto, nikajifanya nauliza mambo ya mtoto halafu nikalirudisha. Akacheka. Akaniambia 1984, mvua ilipokataa, walikula yale mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje, ugali wake hata mbwa alikuwa anaufikiria kwanza, na Nyanya akaona watoto ni wengi kuliko unga, akamchukua yeye, wa katikati, miaka 10, akampandisha gari hadi Kitale kwa shangazi. Nikamuuliza kama alilia. "Nilie nini na huko kulikuwa na maziwa?" Kisha akaniuliza, "Na huyo msichana wako wa mwezi, hana shangazi?"

Weh, nilicheka mpaka nikakaa chini. Maana ni kweli! Ile nyumba inafunga mlango inabaki na mikebe yake, baba ameoa kwingine na anapita tu akielekea magharibi, na jirani wa maana ni mama mmoja mzee. Huku kwetu njaa ikibisha hodi tu watoto wanagawanywa, huyu Kitale, yule kwa mjomba, na aliyebaki nyumbani ndiye alionwa hawezi safari. Sasa kumbe kupelekwa ni kuaminiwa? Ama Nyanya naye alikuwa tu na mpendwa wake, na Mama ameirithi hesabu yake vile ilivyo? Sikumuuliza hiyo, mtoto alikuwa analia. Ila nimefurahi tangu jana, hata kazini nitaingia kesho na viatu vipya.

Shida ni hili gego la upande wa kushoto limeanza tena, na daktari aliniambia likirudi ni kung'oa, hakuna kuziba.