Fedha ya Omena

Babu yangu aliiita meli inayoruka, na jina jingine hakulikubali. Alikuwa mtoto wa miaka 12 mwaka 1937, ndege za majini za Imperial Airways zilipoanza kutua Kisumu zikiwa njiani kutoka Southampton kwenda Durban. Watoto walisikia mngurumo kwanza, wakakimbia ufuoni, wakaikuta tayari inalichana ziwa kwa tumbo lake. Hadithi hiyo niliijua kwa moyo tangu utotoni, lakini nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza: ilikuwa ya rangi gani?

Alinyamaza kidogo. "Ukisema nyeupe, siyo. Ukisema kijivu, siyo. Ilikuwa omena, wale dagaa wetu wa ziwa, nyakwara. Omena wengi wanapogeuka ubavu kwa pamoja."

Hiyo ilikuwa mwaka 2011. Macho yake hayakuona tena mbali, ila kitu akikileta karibu na uso alikiona vizuri. Nikaamua kumchongea ndege moja ya kushika mkononi.

Ndege yenyewe, kazi ya Short Brothers, ilikuwa na mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha. Nikaigawa kwa 72, nikapata sentimita 48. Seremala mmoja wa Kibuye alinipa mabaki ya sipresi, na baada ya miezi mitatu ya kuchonga, kupiga msasa na kuziba vinyweleo vya mbao, umbo lilikuwa limesimama. Kuchonga sikukuogopa. Rangi ndiyo iliyoninyima usingizi.

Binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka Nairobi eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, yenye nozeli ya milimita 0.3, kompresa ndogo, na chupa ya akriliki ya fedha, ile ya maji. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, kibarazani kwetu Migosi, saa saba mchana. Rangi ilikauka hewani kabla haijafika. Mbao ikawa na ngozi ya mchanga, na ncha ya sindano ikaota gamba dogo lililoziba kila kitu. Nikaongeza maji. Nikaongeza mengine. Sasa ikawa inatiririka na kutawanyika kama miguu ya buibui, na punje za fedha zikazama zote chini ya kikombe.

Nikabeba chupa yangu hadi Kondele kwa fundi anayepaka matatu. Mtu huyo nilimheshimu sana. Angeweza kuchora uso wa mtu ubavuni mwa gari kwa mkono mmoja. Akamimina thina kidogo ndani ya rangi yangu, na papo hapo ikaganda mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Nimekuja kuelewa sababu baadaye: akriliki ya maji ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea majini, na thina ya magari huzishambulia zikanatana. Fundi aliyatazama yale mabonge kwa huzuni ya kweli.

"Pole, ndugu yangu. Hii si ya ukoo wetu," akasema. "Lakini shida yako naijua. Jua la hapa linakunywa rangi kabla ya gari kuinywa. Sisi wakati wa joto tunatumia thina ya polepole. Wewe itafutie hiyo yako ya polepole."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua. Nilirudi nyumbani nikiwaza ni kitu gani kinachokubaliana na maji lakini kinakataa kukauka. Kilikuwa bafuni: gliserini ya mama, ile anayojipaka mikononi.

Mara ya kwanza nilitia nyingi mno. Rangi ilitoka laini ajabu, lakini kesho kutwa yake bado ilikuwa inanata, na vumbi la barabara lilikuwa limejilaza juu yake. Nikaanza upya kwa sirinji ya duka la dawa, nikipima. Sehemu moja ya gliserini kwa ishirini za maji, na maji yenyewe yale safi ya kuongezea betri ya gari. Mchanganyiko huo ndio niliotumia kuzimulia rangi: matone 10 ya rangi, matone 7 ya mchanganyiko, kisha nachuja kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Hesabu ya matone haitoshi, maana kila chupa ina uzito wake. Nilijifunza kutazama ukuta wa kikombe. Rangi ikipandishwa kwa kijiti ishuke kama maziwa mabichi kwenye glasi, ikiacha utando mwembamba unaofifia polepole. Ikishuka kama mala, bado nzito. Ikishuka bila kuacha kitu, umeiua.

Nilipaka nyeusi ya kung'aa kwanza, kwa sababu fedha iliyo juu ya nyeusi hupata kina ambacho juu ya mbao tupu haipati. Halafu, siku mbili baadaye, nikaamka saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya ziwa ikiwa bado ipo. Shinikizo la hewa, psi 18. Mkono karibu, kama upana wa vidole vinne. Nilipitisha tabaka jembamba, nikangoja, nikapitisha jingine, kila mara nikikoroga kikombe ili fedha isilale chini. Kwenye tabaka la nne ile nyeusi ilizama, na ubavu wa ndege ukawaka.

Nilimpelekea babu juma lililofuata. Aliileta karibu na pua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza tena. Hakusema lolote kuhusu rangi. Alimwita shangazi amletee karai la maji.

"Babu, ni rangi ya maji hiyo," nikasema, moyo ukinidunda, ingawa nilijua ikishakauka maji hayaidhuru.

"Na ndege ni ya maji," akajibu, akaiweka.

Ilielea, imeegemea bawa la kushoto. Matone yalisimama juu ya fedha yakiwa duara. Babu aliinama, akalisukuma karai kidogo kwa kidole ili maji yacheze.

"Hivyo," akasema. "Hivyo hivyo. Sasa sogea, unaizibia jua."