Watu 129 mlangoni: kumbukumbu ya seva yangu ya gumzo

Wiki ya kwanza

Nimeanza kuandika seva ndogo ya gumzo kwa lugha ya C, kwenye Linux. Kazi yake ni moja: mstari wowote anaoutuma mteja mmoja, wengine wote waupate. Sitaki kila mteja awe na uzi wake (thread). Nataka uzi mmoja, kitanzi kimoja, na epoll, huduma ya Linux inayofuatilia soketi nyingi kwa pamoja, ya kuniambia ni soketi ipi (ncha ya muunganisho) ina jambo. Maktaba za kunifanyia kazi hii zipo, libuv na libevent ni mfano, na ni nzuri. Lakini zinafunika mahali ninapotaka kupaona kwa macho yangu, yaani pale muunganisho mpya unapoingia.

Mwanzo wake hauna mengi. Unaita socket kuunda soketi, bind kuipa anwani, listen kuifanya isikilize, kisha soketi ya kusikiliza unaiandikisha kwa epoll kama soketi nyingine yoyote. Mtu akija, epoll inasema soketi hiyo inasomeka. Hapo "inasomeka" haimaanishi kuna baiti za kusoma. Maana yake kuna mtu kwenye foleni, kamchukue kwa accept.

Kosa la kwanza lilinimalizia jioni nzima. Tukio moja linaweza kubeba watu kumi waliofika kwa mkupuo, kwa hiyo niliiweka accept ndani ya kitanzi: chukua mpaka foleni iishe. Nilipojaribu, kila aliyekuja aliingia, lakini hakuna aliyesikika. Wateja watatu wameunganishwa, wanaandika, na hakuna hata neno linalotoka upande wa pili. Niliandika upya sehemu ya kutuma ujumbe mara mbili, bure. Mwishowe nikaitazama seva kwa strace, chombo kinachoonyesha miito ya programu kwa mfumo, nikaikuta imekaa ndani ya accept.

Soketi ya kusikiliza ilikuwa bado ya kusubiri. Foleni ilipokwisha, accept ya mwisho haikurudi. Ilikaa kumngoja mgeni anayefuata, na seva nzima ikakaa nayo. Nikaweka O_NONBLOCK, alama ya kuifanya isisubiri, na sasa foleni ikiwa tupu accept inarudi mara moja na EAGAIN, yaani "hakuna kitu sasa, jaribu tena". Hilo linahesabiwa kuwa kosa, ila katika kitanzi cha matukio ndilo jibu unalolitaka: wameisha, rudi kwa wengine.

Hata anayeita accept mara moja tu kwa kila tukio aiweke O_NONBLOCK. Kati ya epoll kusema "yupo" na wewe kuita accept kuna mwanya, na mchakato mwingine unaosikiliza soketi hiyohiyo unaweza kukuwahi. Epoll inakupa habari ya muda mfupi uliopita. Haikuahidi chochote.

Wiki ya pili

Dogo kwanza: kila nilipoizima seva na kuiwasha upya haraka, bind iligoma na kusema anwani inatumika. Ni miunganisho ya zamani iliyokuwa katika TIME_WAIT, hali ya kungoja baada ya kufungwa, ambayo Linux huiweka kwa sekunde 60. SO_REUSEADDR, inayoruhusu anwani itumike tena, kabla ya bind, basi.

Kubwa ni hili. Nilimsimamisha mteja mmoja kwa Ctrl+Z ili asisome chochote, kisha nikamwacha mwingine amwage maelfu ya mistari. Baada ya muda kila mtu akaganda. Nilikuwa na hakika soketi zote hazisubiri kwa sababu soketi ya kusikiliza haisubiri. Kwenye FreeBSD ningekuwa sahihi, maana huko soketi inayotoka kwa accept hurithi hali hiyo. Linux hairithishi. Soketi mpya ilizaliwa ikiwa ya kusubiri, bafa ya yule aliyesimamishwa ikajaa, na write kwake ikamfunga kila mtu.

Dawa ni accept4, iliyoingia tangu Linux 2.6.28. Unaipa SOCK_NONBLOCK (isisubiri) na SOCK_CLOEXEC (ifungwe mchakato ukiendesha programu nyingine), na soketi inafika mkononi ikiwa tayari, bila kuita fcntl ya kubadili hali yake baadaye. Baiti zinazokataa kuingia naziweka kando kwa kila mteja mpaka epoll iseme anaandikika tena.

Wiki ya tatu

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha namna ninavyoielewa accept.

Niliandika programu ya majaribio inayofungua miunganisho 2,000, mmoja baada ya mwingine, na kuishikilia yote. Yenyewe nilishaipandishia kikomo cha faili, yaani idadi ya namba za faili ambazo mchakato unaruhusiwa kushika; kila soketi nayo inachukua moja. Seva nikaiacha na kikomo chake cha 1,024. Nilitarajia ifike mwisho wake na ianze kukataa wageni. Badala yake programu ya majaribio ikahesabu miunganisho 1,148 iliyofanikiwa, kisha ikakwama. Seva ikasema ina wateja 1,019. Wakati huohuo prosesa ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 100, ingawa hakuna mtu aliyekuwa akituma kitu.

Hesabu ya 1,019 ni rahisi: 1,024 ukitoa namba tatu za kawaida za kila mchakato (ingizo, tokeo na makosa), ya epoll, na ya soketi ya kusikiliza. Swali lilikuwa hao 129 waliobaki. Kwa upande wao wameunganishwa. Connect imerudi bila kosa, wameandika salamu, na salamu zimepokelewa. Seva yangu haijui kama wapo.

Nikaendesha ss -ltn, amri inayoorodhesha soketi za TCP zinazosikiliza. Kwa soketi inayosikiliza, Send-Q ni ukubwa wa foleni na Recv-Q ni idadi ya wanaongoja ndani yake. Zilisomeka 128 na 129. Ile 128 niliipa listen mimi mwenyewe, na Linux huruhusu mmoja zaidi ya kikomo.

Kumbe accept haipokei muunganisho. Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndiyo inayoupokea: inamaliza kupeana mikono kwa TCP peke yake, bila kuiuliza programu, na kumweka mgeni kwenye foleni. Accept inamtoa tu kwenye foleni hiyo na kumpa namba ya faili. Namba zikiisha inarudi na EMFILE, na mgeni anabaki palepale alipokuwa. Kwa kuwa bado yupo, epoll inarudia "inasomeka", accept inashindwa tena, na kitanzi kinazunguka bila kupumzika. Huko ndiko prosesa ilikokuwa inaishia.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuiondoa soketi ya kusikiliza kwenye epoll mpaka mteja mmoja aondoke. Prosesa inapumzika, lakini wale 129 wanaendelea kuamini kuwa wanasikilizwa. Sikuweza kuridhika nayo. Mtu aliyekataliwa mapema anaweza kujaribu baadaye. Aliyeachwa kimya hana la kufanya.

Nikachukua ya pili, mbinu ya zamani ya namba ya akiba. Seva inapoanza inafungua /dev/null, faili tupu ya mfumo, na kuishikilia. EMFILE ikija, inaifunga ile akiba, inamchukua mgeni kwa namba iliyoachwa wazi, inamwandikia "seva imejaa", inamfunga, kisha inafungua /dev/null tena. Uzi wangu ni mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuinyakua namba hiyo katikati. Mwenye nyuzi nyingi hana usalama huo.

Jaribio likarudiwa: 1,018 wakaingia, kwa kuwa akiba nayo imechukua nafasi, na 982 wakapata jibu lao. Recv-Q ikarudi 0.

Baada ya hapo nikapandisha kikomo cha faili kwa setrlimit, na foleni ya listen nikaifanya 1,024. Anayetumia kerneli ya zamani aangalie somaxconn, kikomo cha mfumo cha foleni ya listen: kabla ya Linux 5.4 thamani yake ya kawaida ilikuwa 128, na namba kubwa kuliko hiyo hukatwa kimyakimya.

Jumapili usiku

Kitanzi cha accept sasa kina mpaka: wageni 64 kwa mzunguko mmoja, kisha nawarudia waliokwisha ingia. Kabla ya hapo, wageni wakija mfululizo, wenyeji walikuwa hawahudumiwi. Kwa kuwa ninatumia epoll katika hali yake ya kawaida, waliobaki kwenye foleni wataitiwa tena mzunguko ujao. Kwa EPOLLET, hali inayoarifu mara moja tu jambo jipya linapotokea, mpaka huu ungenidhuru, maana huko ukiacha watu bila kufika EAGAIN huenda usiarifiwe tena mpaka afike mwingine.

Kinachofuata ni michakato minne badala ya mmoja. SO_REUSEPORT, iliyoingia Linux 3.9, inaupa kila mchakato foleni yake. Kinachonisumbua ni kwamba mchakato ukifa, waliokuwa kwenye foleni yake wanakatwa pamoja nao, hata kama wenzake watatu wana nafasi tele. Njia nyingine ni soketi moja kwa wote na EPOLLEXCLUSIVE, inayozuia michakato yote kuamshwa kwa mgeni mmoja na iliyopo tangu Linux 4.5, ambapo foleni inabaki moja. Nitaandika zote mbili, niue mchakato mmoja katikati ya jaribio, kisha nihesabu nani amebaki.