Uduvi wa chumvi kwenye chupa, na kwa nini hufa siku ya tatu

Mayai ya artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi, ukiyaona utadhani umeuziwa vumbi la kahawa. Yai moja ni kama robo ya milimita, na gramu moja ina zaidi ya mayai laki moja. Kwa lita moja ya maji, chota yanayoshika kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ukimwaga nusu kijiko, watazaliwa wengi kuliko hewa iliyomo majini.

Maji ya mfereji yana klorini: yaache wazi kwenye sufuria siku nzima. Yale ya Ndakaini, bwawa linalolisha Nairobi, ni laini mno, kwa hiyo ongeza robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, pamoja na vijiko viwili vya mezani vya chumvi (kama gramu 35), visawazishwe. Magadi ya kulainishia maharagwe yabaki jikoni, si chumvi hayo. Chupa iwe na mdomo mpana, isuuzwe kwa maji matupu bila sabuni.

Wanataka nyuzi 25 hadi 28, na Julai ya Nairobi haina habari hiyo. Weka chupa juu ya friji upande wa nyuma, au karibu na balbu ya kizamani ya wati 25. LED huangaza lakini haipashi joto. Kukiwa na joto huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Kukiwa baridi, siku mbili au tatu.

Usiku zima taa, mpe mtoto tochi ya simu aimulike kwenye pembe moja ya chupa. Vitone vya rangi ya chungwa vitakimbilia mwanga, maganda ya kahawia yabaki yakielea. Wanyonye kwa lile bomba la kumnyweshea mtoto dawa, uwahamishie maji safi ya chumvi ile ile.

Siku ya kwanza wasile chochote: wana kiini chao, na mdomo bado haujafunguka. Kisha koroga hamira kiasi cha punje ya ndengu katika nusu glasi ya maji, udondoshe matone matatu kwa lita. Maji yafifie kidogo tu. Kesho yake yakiwa bado na ukungu, wasile. Hapa ndipo watoto wanapoharibu, maana kulisha ndiko kutamu kuliko yote: hamira inayobaki huoza, bakteria humaliza hewa, uduvi hupanda juu, kisha harufu ya yai viza. Ukiwahi, mwaga nusu ya maji, weka mengine ya chumvi, yamimine mara kadhaa toka kikombe hadi kikombe. Hamira ifichwe kabatini; mtoto abaki na tochi.

Chora mstari wa maji kwa kalamu ya wino mzito. Yakishuka, jazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haivukizi. Wengi hukosea hapo.

Ngozi nyeupe zilizotua chini si mizoga, wanajivua wanapokua. Huzaliwa na jicho moja, baadaye huongeza mawili, na huogelea chali. Baada ya wiki tatu hivi wanakaribia sentimita moja. Ukiona wawili wameshikana siku nzima, waache: ni dume amemkumbatia jike.